Gari ya okazio nayo iko na garanti



Kijana anakusanya makuta miaka mingi, ananunua gari ya okazio afanye teksi ku barabara ya Sake. Kisha juma moja, moteri inakufa. Muuzaji anamwambia: "Okazio haina garanti."

Tunakataa! Sheria ya mikataba ya 30 Julai 1888, inayotumika hadi leo ku Kongo, inasema muuzaji anajibu juu ya ubovu uliofichika, hata kama hakuujua, isipokuwa mmekubaliana hakuna garanti. Unaweza kurudisha gari upewe makuta yako, ao ubaki nayo upunguziwe bei.

Ubovu wa kuonekana, huo ni wako. Basi tulete mekanisie mbele ya kulipa, tuombe fakitire, tusome kabla ya kusaini, tudai bila kukawia.

Haki haiombwi, inadaiwa!