Msaada wa Kijeshi na Sheria Isiyotungwa Kwetu

(Mazungumzo mbele ya Waafrika Mashariki, mtaa wa Al-Nuzha, Jeddah)



Wenyeji wetu hapa Saudia hununua silaha za Marekani kwa fedha zao, na bado sheria ya Marekani ya 1976 inamtaka rais aliarifu Bunge lake kwanza. Mwaka 2019 Bunge hilo lilipitisha maazimio ya kuzuia mauzo, vita vya Yemen vikiwa sababu kubwa, na Trump akayapiga veto. Ikiwa mwenye pesa hubanwa hivyo, sisi tunaopewa bure je?

Agosti 2002 George W. Bush alitia saini sheria ya kuwakinga askari wake na Mahakama ya Jinai ya Kimataifa, ile ya The Hague. Nchi iliyojiunga na mahakama hiyo ikatiwe msaada wa kijeshi, isipokuwa iwe ya NATO, au mshirika mkuu nje ya NATO, au itie saini mkataba wa kutompeleka Mmarekani huko. Uganda ikatia saini 2003. Tanzania, iliyoridhia mahakama mwezi uleule wa Agosti 2002, haikutia. Kenya ikaridhia Machi 2005, nayo ikagoma, na mafunzo ya maafisa wake yakasimamishwa. Mimi naona serikali zetu mara chache zimesimama wima namna ile, tena bila makelele.

Walioregeza kamba ni wao. Majenerali wao wa upande wa Amerika ya Kusini walilalamika kwamba pengo linajazwa na China. Oktoba 2006 Bush akafungua mafunzo kwa nchi 21, Kenya na Tanzania zimo. 2008 kizuizi kilichobaki kikaondolewa. Ajabu ya mambo, 2024 Biden akaipa Kenya cheo cha mshirika mkuu nje ya NATO, kinga ambayo ingeifaa 2005!

Sasa tuje nyumbani. Ulinzi ni jambo la Muungano, kwa hiyo Baraza la Wawakilishi la Zanzibar halina kauli. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge la Muungano kazi ya kuridhia mikataba, lakini ile tu ambayo "kwa masharti yake" inahitaji kuridhiwa. Hapo ndipo penye mlango wa nyuma: wanaoandika mkataba ndio wanaoamua kama mbunge wako atauona.

Mkienda likizo, mwulizeni mbunge wenu ni mikataba mingapi ya kijeshi imewahi kufika mbele yake. Karibuni kwa masuali.