Shamba Linalokataa Maji
Mazungumzo kwa wakulima wa mashamba ya mifereji



Leo nataka tuzungumze habari za shamba linalokataa maji. Wengi wenu mmeliona. Maji yamefunguliwa kutoka mferejini, yamejaa shambani, lakini kesho yake bado yamesimama juu, nayo ni machafu kama chai ya maziwa. Ukichimba kwa jembe kidogo tu, wakuta udongo mkavu. Jua likipiga, uso wa shamba huwa mgumu kama sakafu, na mahindi hunyauka ingawa yamemwagiliwa. Mwenye shamba husema, "Ardhi imechoka," akanunua mbolea. Fedha hiyo yaweza kupotea bure, maana pengine ugonjwa wa shamba lake si njaa. Pengine chembe za udongo zinasukumana.

Udongo wa mfinyanzi umefanyika kwa chembe ndogo sana, kila moja haifiki milimita 0.002. Juu ya chembe hizo upo umeme kidogo, na vitu vyenye umeme wa namna moja husukumana, kama zinavyosukumana ncha mbili za sumaku zilizo sawa. Tena ipo nguvu nyingine ya kuvutana, ambayo hufanya kazi chembe zinapokaribiana sana. Nguvu ipi itashinda? Hutegemea kitu kilichoyeyuka katika maji yaliyo kati yake.

Ikiwamo kalisi, hiyo hushika chembe kwa nguvu na kupunguza kusukumana. Chembe hukusanyika mafungu mafungu, na kati ya mafungu hubaki nafasi za kupita maji, hewa na mizizi. Lakini yakiwamo magadi, mambo hugeuka. Sodiamu iliyomo katika magadi hushika kwa ulegevu. Chembe husukumana, hutawanyika moja moja, kisha huziba matundu ya udongo. Ndipo maji yakosapo njia.

Akina mama wanajua jambo hili tangu zamani. Maji ya mto yenye tope hutiwa shabu, na baada ya muda tope huzama chini. Shabu huzifanya chembe ziache kusukumana. Zikishikana huwa nzito, nazo huzama.

Basi lipimeni shamba lenu. Jaribio hili lilielezwa na mtaalamu wa Australia, W. W. Emerson, mwaka 1967, nalo halina gharama.

1. Chukua kibonge kikavu cha udongo, ukubwa wa punje ya haragwe. Chukua kutoka sehemu mbalimbali za shamba, juu na chini.

2. Tia maji safi ya mvua katika glasi, kisha weka kibonge polepole. Usikoroge wala usitikise.

3. Tazama baada ya dakika 10, kisha baada ya saa 2, na tena kesho yake.

Kibonge kikibomoka tu na maji yakabaki meupe, hiyo si dalili ya magadi. Lakini ukiona wingu kama maziwa likienea kukizunguka, chembe zinasukumana. Sasa tia jasi ya unga kidogo, tikisa, uache itulie. Maji yakianza kung'aa na tope likazama, umeona dawa ikifanya kazi.

Kwa nini maji ya mvua? Kwa sababu chumvi hudanganya. Chumvi ikiwa nyingi sana majini, kusukumana hupungua na chembe hushikana, hata kama chumvi yenyewe ni ya sodiamu. Ndiyo sababu moja tope la mto Rufiji huzama likutanapo na maji ya bahari, na mikoko ikapata mahali pa kuota. Hali kadhalika shamba lenye chumvi nyeupe juu laweza kuonekana laini. Ukiliosha kwa maji matamu peke yake, chumvi hutoka, sodiamu hubaki imeshika chembe, na udongo hufunga.

Sasa habari ya dawa. Jasi ina kalisi, nayo huchukua mahali pa sodiamu. Kwetu huchimbwa Makanya, wilaya ya Same. Imwage shambani, ichanganye na udongo wa juu, kisha fungulia maji mazuri. Lakini angalieni sana: sodiamu iliyofukuzwa lazima ipate njia ya kutoka. Chimbeni kwanza mtaro wa kutoa maji. Bila mtaro kazi yote ni bure. Chokaa ya mawe iliyosagwa haifai badala ya jasi, maana haiyeyuki vizuri katika udongo wa magadi. Tieni samadi na mabaki ya mimea, wala msilime udongo ungali umelowa.

Jasi hutakiwa kwa wingi, mara nyingi tani kadhaa kwa hekta. Kwa hiyo msikisie. Pelekeni udongo kwa Bwana Shamba au Bibi Shamba, upimwe katika maabara kama ile ya Mlingano, Tanga, mpate kujua kiasi. Pimeni na maji ya mferejini pia. Yakiwa na magadi, mnatibu kwa mkono mmoja na kuumiza kwa mkono wa pili.

Na kama glasi yako haikuonyesha wingu, usinunue jasi. Huenda udongo umeshindiliwa kwa miguu ya ng'ombe au matrekta, na ugonjwa huo una dawa nyingine.

Glasi moja, maji ya mvua na siku moja ya kungoja. Fanyeni hivyo kabla ya kununua mfuko wa mbolea.

Sasa leteni maswali.