Mwili Wangu kwa Ruhusa ya Nani?

Msikilizaji, ukipanda matatu Uthiru kwenda mjini, utapita Kangemi, utapita Westlands, na kabla ya Museum Hill uko Chiromo. Ndani ya kampasi ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi, wanaosomea udaktari hujifunza umbile la mtu kwa maiti halisi. Wameizunguka meza, kisu mkononi, dawa ya kuhifadhia inawachoma macho, na wanautafuta mshipa ambao kitabuni umechorwa mwekundu na mezani hauna wekundu wowote. Sehemu kubwa ya maiti hizo ni za watu waliokosa wa kuwachukua mochari.

Hawakuulizwa. Sisi wenye kamati ya mazishi, michango ya M-Pesa na basi la kukodi, hatumo.

Si kwamba tumekatazwa. Sheria ya Tishu za Binadamu, tuliyo nayo tangu miaka ya 1960, inakuruhusu kuandika wakati wowote, au kutamka mbele ya mashahidi wawili ukiwa katika ugonjwa wako wa mwisho, kwamba mwili wako utumike kwa matibabu, mafunzo au utafiti. Ila haimlazimishi atakayebaki na maiti yako kutimiza ombi hilo. Imemwachia hiari.

Hiari hiyo Nairobi tunaijua. Wakili S.M. Otieno alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alisema mumewe alitaka kuzikwa Matasia, Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ukakataa, kesi ikafika Mahakama ya Rufani, na Mei 1987 akazikwa Nyalgunga, Siaya. Miezi mitano mochari! Wakili mzima alishindwa kuchagua shamba la kulazwa. Wewe utachagua meza ya Chiromo?

Utaambiwa kuzika ni mila. Uthiru ni kwa Wakikuyu, na Wakikuyu wa kale walizika wachache wenye hadhi. Wengi waliachwa porini, fisi akamaliza. Kaburi la kila mtu lilikuja na wamisionari na serikali ya mkoloni. Mama mkwe asinisikie.

Bunge liiondoe hiari ya anayebaki na maiti: aliyeandika akiwa na akili timamu, atiiwe. Kwa sasa, mwite kaka yako mkubwa, yule atakayekuwa mwenyekiti wa kamati yako, umwambie waziwazi unachotaka, shangazi akisikia. Akinyamaza, mwambie tena Krismasi.