Mishipa Ionekanayo Mwilini

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya mishipa ya damu ionekanayo chini ya ngozi. Hatusemi juu ya ule ugonjwa wa wanaume uitwao mshipa. Huo una habari yake nyingine.

Ning'inizeni mkono mmoja chini kwa kitambo. Mishipa ya nyuma ya kiganja yatuna. Sasa uinueni juu ya kichwa: yanywea. Mishipa hii ndiyo irudishayo damu moyoni, na damu, kama maji, hupenda kushuka. Kwa hiyo ndani yake mna vilango vidogo viiruhusuvyo kwenda upande wa moyo tu. Mwingereza William Harvey alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1628.

Basi mkulima mwembamba, au mzee, akionekana mishipa ya mikono, asidhaniwe kuwa mgonjwa.

Miguuni ni habari nyingine. Hapa Malinyi watu husimama katika mashamba ya mpunga tangu alfajiri, na sisi walimu husimama darasani. Vilango vikilegea, damu hutuama, na mshipa huvimba na kujipinda kama mzizi. Wengine hurithi udhaifu huu kwa wazazi. Wanawake huupata zaidi wakati wa mimba. Jioni mguu huwa mzito, ngozi huwasha na kuwa nyeusi, na mwisho chaweza kutokea kidonda kisichopona, upande wa ndani juu ya kifundo. Tumesikia kidonda hicho kikiitwa uchawi, na mwenyewe akakaa nacho miaka.

Twamkumbuka mama mmoja aliyejikata kwa jembe penye mshipa wa namna hiyo. Majirani walimfunga kamba chini ya goti, naye amesimama. Damu ikazidi, kwa maana kamba iliifungia njia ya kupanda. Ndipo mzee mmoja akamlaza chini, akaiondoa kamba, akauweka mguu juu ya gunia, akakibana kidonda kwa kitambaa safi pasipo kuachia. Damu ikakoma.

Mguu mmoja ukivimba ghafula, ukauma na kuwa wa moto, huenda damu imeganda ndani. Msiukande, kwa sababu bonge laweza kusafiri hata mapafuni. Hali kadhalika mtu aliyeketi wima, mishipa ya shingo yake imetuna, naye ahema na miguu imevimba: huyo moyo wake wataka kupimwa. Na mishipa ikitambaa juu ya tumbo lililojaa maji, mara nyingi ini ndilo lenye shida.

Hao wasingoje mavuno. Wapelekwe kwa tabibu aliye karibu, naye akiwatuma Ifakara, katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, waende. Tangu daraja la Kilombero lilipofunguliwa mwaka 2018 hatungojei kivuko tena.

Wenye mishipa ya miguu tu na watembee, na jioni walale kidogo miguu ikiwa juu kuliko kifua. Wala wasikubali mshipa uchanjwe kwa wembe.