Kikundi Chaweza Kuwa Dawa ya Mguu

Leo tumeombwa tuzungumze juu ya miguu.

Kuna wazee wetu ambao wakitembea kidogo ni lazima wasimame. Shavu la mguu hukaza na kuuma. Wakipumzika dakika chache, maumivu yanakwisha. Wakianza tena, yanarudi. Watu husema ni uzee, au ni baridi yabisi, au mzee amekanyaga kitu kibaya njiani. Lakini maumivu ya namna hii, ya kuja na mwendo na kuondoka na mapumziko, mara nyingi huonyesha kwamba mishipa ya kupeleka damu miguuni imeanza kuziba.

Fikirini mfereji wa maji shambani. Tope likijaa ndani yake, miche iliyo mwisho ndiyo hukauka kwanza. Tope la mishipa ni mafuta yanayoganda kwenye kuta zake miaka mingi. Walio hatarini zaidi ni wavutaji wa sigara, wenye kisukari, na wenye presha. Kuupima ugonjwa huu si jambo gumu. Mhudumu hupima presha mkononi, kisha kwenye kifundo cha mguu. Ikiwa ya mguuni haifiki hata sehemu tisa za kumi za ile ya mkononi, damu haishuki vizuri.

Sasa, matibabu ni nini? La kwanza ni kuacha sigara kabisa, si kupunguza. La pili ni kumeza dawa alizoandika daktari: za mafuta ya damu, za presha, za sukari, na za kuzuia damu isigande. La tatu ndilo tulilokuja nalo leo: kutembea. Mtu atauliza, “Mguu unaniuma nikitembea, nanyi mnaniambia nitembee?” Ndiyo, na jambo hili limefanyiwa utafiti.

Huko Chicago, Marekani, Dkt. Mary McDermott na wenzake walitoa matokeo mwaka 2013. Walichukua wagonjwa 194, wakawagawa kwa kura mafungu mawili. Fungu la kwanza walikutana kila wiki kama kikundi. Waliwekeana malengo, wakaambiana yaliyowashinda, na siku nyingine wakatembea kila mtu kwao. Fungu la pili nao walikutana kila wiki, lakini wao walisikiliza mafundisho ya afya tu. Baada ya miezi 6 wote walipimwa: kila mmoja aende mbali awezavyo kwa dakika 6. Waliokuwa kwenye kikundi walitoka kama mita 357 wakafika 400. Waliosikiliza mafundisho tu walitoka 353 wakarudi 342.

Mmesikia, jamani? Mafundisho peke yake hayakusogeza mguu wa mtu. Hata haya yetu ya leo, mkiyapigia makofi na kwenda nyumbani, hayatamsaidia mzee yeyote.

Mwaka 2021 watafiti hao walitoa matokeo mengine, ya wagonjwa 305. Baadhi walitembea nyumbani polepole, bila maumivu. Wengine walitembea kwa nguvu mpaka mguu ukauma. Mafungu hayo mawili yote yalifuatwa kwa simu. Baada ya mwaka mmoja, waliovumilia maumivu waliongeza kama mita 34 katika zile dakika 6. Waliotembea polepole hawakuongeza kitu. Kwa hiyo kuzunguka boma taratibu hakutoshi. Tembea mpaka mguu uume kweli, simama mpaka utulie, endelea tena. Anza na dakika 10 au 15, uongeze kidogo kidogo mpaka ufike 40 au 50, siku 5 kwa wiki.

Lakini ngojeni, tuseme na ya hatari. Mwenye maumivu ya kifua au kuishiwa pumzi asianze kabla ya kuonana na daktari. Tena kuna miguu ambayo haitakiwi kutembezwa kwanza, bali kupelekwa hospitali: mguu unaouma usiku mtu akiwa amelala, kidole kinachogeuka cheusi, kidonda kisichopona kwa wiki mbili. Huyo msimkande kwa maji moto wala kumfunga majani mkingoja. Daktari wa upasuaji aweza kupanua mshipa kwa puto dogo, au kupitisha damu kando ya palipoziba kwa kutumia mshipa wa mgonjwa mwenyewe. Akicheleweshwa, kinachobaki ni kukata. Na mguu ukikatwa, ni shamba, ni ng'ombe, ni karo ya watoto, vyote vinayumba.

Ndugu zetu, ninyi tayari mnakutana kila wiki kwa michango na kwa miche. Hicho walichohitaji kuunda kule Chicago, ninyi mnacho. Tunaomba kila kikundi kifanye mambo matatu. Andikeni majina ya wenye maumivu ya namna tuliyoeleza, waende wakapimwe. Kila mkutano muwaulize mbele ya wote: wiki hii umetembea siku ngapi? Na mwenye kisukari avue viatu, nyayo zitazamwe, maana yeye aweza kuwa na kidonda asikisikie.

Swali hilo la kila wiki halina gharama. Msiliache.