Mke Mwema na Mikono Yake

(Mazungumzo ya ibada ya asubuhi redioni. Masomo: Mwanzo 24:10-20, Mithali 31:10-31)

Popote mlipo asubuhi hii, jikoni, shambani, kando ya kitanda cha mgonjwa au safarini kwenda kazini, karibuni tuketi pamoja kwa dakika chache mbele ya neno la Mungu.

Leo tuna jambo ambalo wengine watashangaa kulisikia katika kipindi cha ibada. Twataka kuzungumza juu ya akina mama na mazoezi ya kuinua vitu vizito. Hatusemi juu ya maji na kuni za kila siku. Twasema juu ya mama anayetenga saa yake, akashika uzito kwa mikono miwili, akauinua na kuushusha kwa hesabu, ili mwili wake upate nguvu. Labda mmoja wenu ameshaanza kucheka. Asicheke bado. Sisi nasi tulicheka, na tutawaeleza jinsi tulivyonyamazishwa.

Mkongani ni mahali pa vilima, huku kwetu Kwale, karibu na msitu wa Shimba Hills. Njia zetu ni za kupanda na kushuka, na masika yakiingia udongo huteleza kama sabuni. Mama mmoja wa kanisa letu, mjane aliyepita miaka hamsini, aliteleza njiani akitoka kuteka maji, akavunjika kifundo cha mkono. Mkono ulipopona, aliyemtibu alimwambia maneno haya: "Mama, mfupa umeunga, lakini miguu yako imelegea. Usipoitia nguvu utaanguka tena, na safari ijayo huenda ikawa nyonga." Akamwonyesha la kufanya.

Basi mama huyo akatafuta mitungi miwili midogo ya lita 5, akaijaza maji nusu, na jioni akawa anakwenda chini ya mwembe nyuma ya nyumba yake, amejifunga leso mbili, akiinua na kushusha, akiketi kigodani na kuinuka. Haukupita muda majirani wakaona. Maneno yakaanza. Huyu ameishiwa na kazi? Anataka kuwa mwanamume? Mjane mwenye wajukuu, haoni haya?

Maneno hayo yakatufikia nyumbani kwa mchungaji. Na sisi, badala ya kwenda kuona, tulimwita. Tukamwambia kwa upole, lakini tulimwambia, kwamba ni heri aache, ili asiwe sababu ya masengenyo katika kanisa. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Baba Mchungaji, tulipojenga kanisa hili mimi nilibeba ndoo za mchanga na kokoto tangu asubuhi hadi jua kuchwa. Siku ile hakuna aliyeniambia nitageuka mwanamume."

Ndugu wapendwa, hatukuwa na jibu. Tulimwaga kwa aibu, tukafungua Biblia.

Tulianza na Rebeka. Mnaikumbuka habari yake. Mtumishi wa Ibrahimu amefika kisimani na ngamia kumi, na ameomba ishara: binti atakayejitolea kuwanywesha ngamia hao, huyo ndiye. Tumeihubiri habari hii mara nyingi arusini, tukausifu ukarimu wa Rebeka na adabu yake. Lakini hatujapata kupiga hesabu. Ngamia mwenye kiu aweza kunywa hata lita 100 kwa mara moja. Ngamia kumi ni lita 1,000. Kwa mitungi yetu ya lita 20, hiyo ni mitungi 50! Tena Biblia yatuambia alikuwa akishuka kwenye maji na kupanda, na kwamba alikwenda mbio. Hata kama ngamia wale hawakunywa ila nusu, bado ni kazi ambayo vijana wengi wa kiume wangeikimbia. Ishara aliyoiomba mtumishi yule ilihitaji moyo mwema, na ilihitaji mgongo na mikono yenye nguvu. Moyo wa Rebeka ulikubali, na mwili wake uliweza.

Kisha tukaenda kwenye Mithali 31. Biblia yetu ya Kiswahili humwita yule mama "mke mwema", na ni tafsiri nzuri. Lakini katika chuo cha theolojia tulifundishwa kwamba neno la Kiebrania lililopo hapo ni "hayil". Ni neno lilo hilo linalotumika kwa majeshi, na kwa Gideoni malaika alipomwita shujaa katika Waamuzi 6:12. Na ndilo alilotumia Boazi kumsifu Ruthu, katika Ruthu 3:11. Mke mwema ni mke hodari. Tena mstari wa 17 wataja kiuno chake na mikono yake, na waonyesha kwamba nguvu hizo amezitafuta mwenyewe. Hakungoja zimjie. Tulifaulu mtihani wa Kiebrania, lakini ilitubidi kufundishwa na mjane chini ya mwembe maana ya mstari huo.

Sasa yuko mtu atakayeuliza: Akina mama wetu wanalima, wanapasua kuni, wanabeba maji. Je, hayo hayatoshi kuwa mazoezi?

Ni swali la haki. Mwaka 1986 wataalamu walichapisha uchunguzi walioufanya hapa Kenya juu ya akina mama wa Kiluo wanaobeba mizigo kichwani, na wa Kikikuyu wanaobeba kwa ukanda wa kipaji cha uso. Walipima pumzi zao wakitembea. Wakakuta kwamba akina mama hao waliweza kubeba mzigo wa hadi sehemu moja kwa tano ya uzito wa miili yao bila mwili kutumia nguvu zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu. Jambo la ajabu! Kwa miaka mingi, tangu utoto, miili ile ilikuwa imejifunza mwendo wa kubana matumizi.

Lakini tuangalie vizuri. Mama mwenye kilo 60, moja kwa tano yake ni kilo 12. Mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20, mbali na mtungi wenyewe. Huo umepita kipimo kile, na mwili unalipa, hasa shingo na mgongo. Tena mwili ukiuzoea mzigo ule ule, njia ile ile, mwaka baada ya mwaka, huacha kuongeza nguvu. Huvumilia tu. Na viungo ambavyo mzigo ule hauvigusi hubaki dhaifu.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya mzigo wa kuchosha na mzigo wa kujenga. Mzigo wa kuchosha haukuulizi kama umelala au una homa. Mzigo wa kujenga una mambo matatu: huanza mdogo, huongezwa kidogo kidogo, na hufuatwa na siku ya kupumzika. Maana nguvu huongezeka wakati mwili unapumzika na kujitengeneza. Aliyetuumba aliweka Sabato katika sheria yake, naye alijua ametuumbaje.

Wala msiseme, "Sisi tumekwisha zeeka." Mwaka 1990 madaktari wa Boston, Marekani, walitangaza habari za wazee kumi wa umri wa miaka 90 hivi, wanyonge, waliokuwa wakitunzwa katika nyumba ya wazee. Waliwafundisha kuinua uzito kwa miguu muda wa majuma 8. Tisa waliomaliza, nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Na akina mama wanalihitaji jambo hili kuliko wanaume, kwa sababu siku zao za mwezi zikikoma, mifupa huanza kupungua upesi. Mfupa unaovutwa na msuli wenye kazi huzidi kushika.

Na kuhusu kugeuka mwanamume, hofu hiyo tuiache. Misuli minene ya wanaume hutokana sana na homoni ambayo mwili wa mwanamke unayo kidogo tu. Ulimwengu wenyewe ulichelewa kulikubali jambo hili. Kuinua vyuma kulikuwamo katika Olimpiki ya kwanza ya Athens mwaka 1896, lakini wanawake hawakuruhusiwa mpaka Sydney mwaka 2000. Na mwaka 2022, kule Birmingham, binti wa Kenya, Hellen Wawira Kariuki, alipata medali ya shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, katika kuinua vyuma kwa wanamichezo wenye ulemavu. Huinuliwa mtu akiwa amelala chali juu ya benchi. Wengi wangemtazama dada huyo na kumhurumia. Yeye aliinua chuma, na bendera yetu ikaheshimiwa.

Basi mama aanzeje? Kwanza, aende zahanati apimwe damu, hasa kama ana ugonjwa wa moyo au wa presha, au ni mjamzito, au amejifungua karibuni. Pili, achague siku mbili katika juma zisizofuatana, kama Jumanne na Ijumaa. Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, lasema mtu mzima autie misuli yake kazi angalau siku mbili kwa juma. Nao waliofikia miaka 65 wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku tatu.

Tatu, aanze na mwili wake mwenyewe. Aketi juu ya benchi na kuinuka bila kujishika, mara nane hadi kumi na mbili. Asimame mbele ya ukuta, aukaribie kwa kukunja viwiko na kujisukuma nyuma, vivyo hivyo. Apumzike kidogo, arudie. Akizoea, achukue mtungi. Asimame miguu imeachana kidogo, akunje magoti na nyonga, mgongo unyooke, mtungi uwe karibu na mwili, kisha ainuke huku akitoa pumzi. Asizuie pumzi. Na hapa Mungu ametupa mizani ya bure, maana lita moja ya maji ni kilo moja. Juma likipita na kazi imekuwa nyepesi, aongeze nusu lita. Misuli ikiuma kidogo kesho yake si neno. Lakini maumivu makali ya kiungo, kizunguzungu, au kifua kubana, hayo ni amri ya kuacha na kwenda kwa daktari.

Wapenzi, Paulo alimwandikia Timotheo, katika waraka wa kwanza, 4:8, kwamba mazoezi ya mwili yana faida yake, ingawa utauwa una faida kubwa zaidi. Tumezoea kuutumia mstari huo kuyadharau mazoezi. Lakini Paulo hakusema hayana faida. Na katika 1 Wakorintho 6:19 anatukumbusha kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Sisi tulilipiga lipu kanisa la Mkongani, tukalipaka chokaa. Lakini hekalu lile lililobeba mchanga wake tuliliambia lisitengenezwe.

Na kwenu akina baba tuna neno moja. Msitoke kwenye redio hii mkasema, "Kumbe wana nguvu, basi wabebe wao." Hiyo siyo Injili. Wagalatia 6:2 yatuagiza tuchukuliane mizigo. Kama mkeo ana saa moja ya kujijenga siku mbili kwa juma, saa hiyo itatoka wapi? Itatoka kwako. Shika mtungi wewe, nenda kisimani siku hizo mbili. Watakaocheka, waache wacheke.

Yule mama tulikwenda kumwona, tukamwomba msamaha mbele ya wale wale waliotuletea maneno. Leo chini ya mwembe ule hawi peke yake. Wako wenzake wa Umoja wa Akina Mama, na jirani zetu Waislamu nao wamekuja, kwa maana magoti hayaulizi mtu anasali wapi.

Nasi tumeona jambo moja zaidi. Zamani alipopiga magoti kupokea Meza ya Bwana, aliinuka kwa kushika reli kwa mikono miwili, na jirani yake alimshika kwapa. Jumapili iliyopita tulikuwa tumesimama mbele yake na kikombe mkononi. Alipokea, akainuka mwenyewe, taratibu, bila kushika kitu. Kisha akageuka, akampa mkono bibi mzee aliyekuwa kando yake, akamwinua.

Tuombe. Ee Mungu, uliyetuumba mwili na roho, twakushukuru kwa nguvu ulizowapa mama zetu, dada zetu na binti zetu. Utusamehe tuliotumia nguvu hizo na kuzionea haya. Uwatie moyo wanaoanza leo na uzito mdogo, uwalinde wasiumie, na utufundishe sisi wanaume kushika mtungi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.