Visikizi Visivyo na Waya: Chunguza Kabla ya Kumlipa Fundi



Visikizi vya Bluetooth vinapokaa kimya kwenye kompyuta ya mezani, wengi huamua kuwa vimeharibika na kununua vingine. Tunawasihi mchunguze kwanza mambo manne.

Kwanza, hakikisheni vina chaji, na kwamba havijajiunga na simu iliyo karibu. Zimeni Bluetooth ya simu, kisha mjaribu tena.

Pili, bofyeni alama ya spika kwenye kompyuta, mchague visikizi hivyo viwe njia ya kutolea sauti. Kuunganishwa pekee hakutoshi. Sauti yaweza kuendelea kwenda kwenye spika za awali.

Tatu, muziki ukififia ghafla na kusikika kama wa simu, fungeni programu ya mikutano. Maikrofoni ya visikizi inapotumika, mara nyingi Bluetooth hupunguza ubora wa sauti ili kubeba mazungumzo ya pande mbili. Huo si ubovu.

Nne, sauti ikikatikakatika, hamishieni kipokezi cha USB kwenye tundu la mbele, mbali na diski ya nje. Vifaa vya USB 3.0 huweza kuvuruga masafa ya 2.4 GHz yanayotumiwa na Bluetooth.

Hatimaye, viunganisheni na simu. Vikisikika vyema, kasoro imo katika kompyuta. Visiposikika, virudisheni dukani pamoja na risiti na kadi ya dhamana. Msimruhusu fundi wa nje kuvifungua dhamana ingali hai, maana muuzaji aweza kulifanya hilo sababu ya kukataa dai lenu.